Saa Nzuri ya Lengai

Tabea weee, leo nimeaibika!

Si unajua tangu Lengai aanze dawa za saratani, nesi alisema tuchunge ile saa yake nzuri, saa moja tu kwa siku anapokuwa na nguvu? Basi saa nne hii alishavaa viatu, tunaenda nyuma ya nyumba kuona ndama aliyezaliwa jana.

Mara hodi! Akina mama wa jumuiya, kumi na wawili, Mama Elieshi mbele. Wamekuja kumwombea apate nguvu.

Wakamsimamisha katikati. WAKAMSIMAMISHA, Tabea! Wimbo, neno, wimbo tena. Mama Elieshi akaomba mpaka akawafikia wabunge.

Lengai mwanangu akasema kwa sauti, "AMINA."

Mama Elieshi akaendelea na mawaziri.

"AMINA!" Mara ya pili!! Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama Elieshi akafurahi, "Mmesikia sauti hiyo? Nguvu zimeshuka!" Akaanzisha wimbo mwingine.

Wameondoka saa sita, chupa ya chai haina kitu. Lengai yuko hoi kwenye kochi. Nimeanza kumvua viatu, akaniambia bila kufumbua macho, "Viache, mama. Kesho twende kabla hawajaja."