Damu Yenye Jina la Jabali

Jumatatu, 3 Machi
Mitungi ya gesi sita leo, hadi maabara ya ghorofa ya tatu, lifti imekufa. Mgongo unalia. Punda afe, mzigo ufike.
Mtafiti wa jeni, yule tunayemwita Mama Chembe, anataka damu ya wafanyakazi wazima. Mashine yake inapitisha chembe za damu moja moja mbele ya taa na kuzichambua, kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Anazitafuta zile nyeupe zinazolinda mwili. Jabali, bawabu wetu, kawa wa kwanza kujiandikisha. Mbele ya wapishi wa kantini, kifua mbele.

Jumatano, 5 Machi
Jabali kaiona sindano, akarudi kinyumenyume! Mtu wa kilo mia. Kanivuta chooni, kanivika kitambulisho chake — picha ilifutika zamani. Akasema damu ni damu, nimsitiri. Huyu ndiye aliyenitafutia kazi na kitanda. Nikaenda. Aliyenitoa damu ni kijana mgeni, hatujui sura. Nikatia saini jina lake.

Ijumaa, 14 Machi
Jabali kaja stoo na barua ya Mama Chembe. Hakunitania. Tuliisoma pamoja, mimi na darasa langu la saba, yeye na lake la tano. Chembe nyeupe zinazaana ovyo, zote za aina moja. Huenda ni saratani ya damu. Arudi upesi apimwe tena. Ikiwahiwa, tiba ipo.
Kumbe lile jasho usingizini. Kumbe uvimbe wa shingoni. Nilidhani ni mitungi.
“Ugonjwa ni wako, ndugu yangu,” akasema. “Jina ni langu.”

Jumamosi, 15 Machi
Zahanati. Foleni tangu asubuhi. Nesi kanipa vidonge vya maumivu. Nikamwambia huenda ni saratani, akauliza nani kasema. Nani kasema! Kipimo hicho ni cha hospitali kubwa, kusubiri miezi minne, tena uwe na barua ya daktari. Barua ipo. Ya mtu mwingine.
Tukisema kweli tunafukuzwa wote wawili. Jabali ana watoto watano. Mimi natoka bwenini siku hiyo hiyo, na kibali cha kuishi huku kinakwenda na kazi.
Mke wangu kapiga simu. Nikasema mzima. Akasema sauti yangu imekonda.

Jumatatu, 17 Machi
Mama Chembe kamtafuta Jabali mara tatu. Nilimwomba Jabali twende wote, tuseme. Kakoroga chai mpaka ikapoa. Mwishowe akaomba nimpe hadi kesho.

Jumanne, 18 Machi
Hakunisubiri. Kaenda peke yake, kanyoosha mkono wake mwenyewe. Leo hakuogopa sindano.

Alhamisi, 20 Machi
Damu ya Jabali safi. Mama Chembe kamkumbatia mlangoni. Sijawahi kumwona akicheka vile. Kisha akaniita. Mashine ilichafuka ile mara ya kwanza, alisema, basi nioshe mabomba yote, na ile sampuli ya tarehe tano niitupe. Wala hakunilaumu, ingawa kuiosha ni kazi yangu. Afadhali angenilaumu.
Jabali alipita akitazama sakafu. Akaniomba radhi, akataja watoto. Tena akasema labda kweli mashine ilikosea. Nikamwambia labda. Mtu hufanyaje?
Nimeosha mabomba. Nikaenda nikasimama mlangoni kwa Mama Chembe, ndoo mkononi. Akainua macho, akauliza kuna nini.
“Pipa la taka limejaa,” nikasema.
Akasema basi nikalimwage.
Sasa saa kumi. Naandika nimekaa juu ya mtungi mtupu, mlango wa stoo wazi. Sampuli sijaitupa. Iko kwenye friji, rafu ya chini. Upande wa pili wa ukuta namsikia Mama Chembe akifunga droo, akitafuta funguo zake. Kesho anasafiri wiki tatu; nikisema, ni sasa —