Damu ya Kaka kwenye Friza ya Mama Barafu

Jumatatu, 3 Machi
Kaka kaja maabara kutoa damu. Mafua ya kawaida tu humlaza hospitali, mwaka huu mara ya pili sasa. Kauliza tunatafuta nini hasa. Nikamwambia: DNA imezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, kama uzi kwenye kigurudumu chake. Histoni zikibandikwa alama fulani uzi unalegea, jeni zinasomeka; alama nyingine zinaukaza. Kwako, jeni za kupiga kengele virusi vikiingia zimekazwa mno. Dawa tunayoijaribu inafuta alama za kukaza. "Kumbe walinzi wangu wamefungiwa ndani," akasema. Huyu kaka — kanishinda kueleza.

Jumatano, 5 Machi
Nimeharibu. Mirija minne: miwili ya seli zangu za kulinganisha, miwili ya kaka; kwa kila mtu mmoja una dawa, mmoja hauna. Nikaandika majina kwenye vifuniko tu! Nikafungua yote kwa mpigo, kurudisha — kipi cha nani? Siku ya kwanza kabisa tunafundishwa: andika ubavuni. Nimekaa kwenye stuli, machozi yananilengalenga. Kaka kaanza kukohoa, siwezi kumchoma sindano tena.

Mama Barafu, mtunza friza wetu, kanisema weee, nikabaki kuangalia viatu. Kisha akavaa glavu zake nene, akatoa mrija. Kumbe kila damu ikiingia hugandisha seli kidogo za akiba, wala hajaagizwa na mtu. Jina la kaka, tarehe, vyote ubavuni. Mungu ampe maisha marefu mama huyu. Nimemkumbatia na glavu zake hivyo hivyo.

Alhamisi, 6 Machi
Nimerudia. Ubavuni. Kaka kalazwa.

Jumamosi, 8 Machi
Mashine ya kupima jeni imemaliza saa nne asubuhi. Seli za kaka bila dawa: mstari umelala. Zenye dawa: umepanda, karibu sawa na wangu. Walinzi wametoka! Mama Barafu kashika kifua, kakaa.

Nikampigia kaka. Sauti imekauka, ila kauliza: vipi, damu yangu imeitika? Imeitika, kaka. Basi nileteeni hiyo dawa, akacheka, akakohoa. Nikamwambia ukweli — bado ni ya kwenye mirija, haijaingia kwa mtu yeyote, ni kazi ya miaka. Akasema: "Sawa, mdogo wangu. Damu yangu imebaki?" Nikamgeukia Mama Barafu. Kanyoosha vidole viwili. Mirija miwili, nikasema. "Nikipata nafuu nitawaongezea."

Nilitaka kusema asante, muuguzi akamwambia aweke simu chini, anamvalisha oksijeni. Hakuikata. Nimeweka spika. Tumesimama kando ya friza, mimi na Mama Barafu, tunamsikiliza akipumua.