Chou de Chine Ndani ya Fondasyo Yako

Kimemi, Butembo, tarehe 3 Novemba 2025

Mdogo wangu Mardochée,

Nakusalimu, nikitumaini barua hii itakukuta mzima huko Manguredjipa na kile kikohozi kimekuachia. Sisi huku hatujambo. Mama anasumbuliwa na goti wakati wa mvua tu, na mvua ndiyo hii haitaki kunyamaza. Nakuandikia kwa sababu simu yako haipatikani, na Salomon anakuja huko kesho na pikipiki yake.

Kwanza habari za nyumba yako. Fondasyo uliyoiacha miaka sita iliyopita, msingi mtupu wa mawe, ingalipo, halijaibiwa hata jiwe moja. Lakini siku hizi inalimwa. Salon, ile sebule uliyoipima, ina chou de Chine, kabichi ya Kichina, mistari mitano, chumba chako kina mboga ya lengalenga, na kile ulichokiita cha watoto ndicho kitalu cha miche. Nakuambia mwenyewe ili usije ukasikia kwa watu.

Aliyeanza ni Audrey, mchumba wako. Kila Jumapili baada ya misa alikuwa anakuja kuyatazama mawe, anazunguka mara moja, anarudi kwao. Mwaka jana akaniambia ni aibu majani ya mwitu kuota ndani ya nyumba ya mtu. Akanunua mbegu sokoni, tukaleta mbolea ya sungura. Kumbe mahali penyewe ni pazuri: mawe yanazuia mbuzi, na udongo haubebwi na mvua. Tunaacha shubiri moja kati ya mche na mche, tunamwaga majivu kwa ajili ya konokono, na baada ya siku arobaini tunakata majani ya nje na kuacha moyo. Ukichelewa kukata, mboga inatoa maua na kuwa chungu.

Mama alikataa kuila miezi miwili. Alisimama penye mlango wako, mlango usiokuwapo, akasema: « Miye hapana kula salon ya mutoto wangu. » Kisha Audrey akaikaanga na kitunguu na karanga za kusaga, na sasa Mama ndiye anayeuliza kila siku kama imekomaa.

Tuna jirani mpya, Ignace, mwalimu aliyetumwa huku kutoka Kasai. Alianza kwa kuomba mboga, maana anaishi peke yake. Baadaye akawa anatuchotea maji kabla ya kwenda shuleni. Ni mtu mpole, na Kiswahili chake kinatuchekesha hadi tunaweka ndoo chini. Mwezi huu wazee wake wanakuja kujitambulisha kwa wazazi wa Audrey. Najua habari hiyo ilishakufikia, na najua Mama alituma ujumbe kwamba baba yake Audrey ndiye aliyemsukuma binti.

Si kweli, Mardochée. Baba yake hakusema neno. Ni mimi.

Barua uliyomwandikia Audrey wakati wa Pasaka, ile ya kusema utarudi Desemba, ilipitia mikononi mwangu. Niliifungua, nikaisoma, nikaificha chini ya godoro. Mwezi wa sita, tulipokuwa tunahamisha miche, akaniuliza, akiniita dada kama kawaida yake: « Yaya, nimungoye tena? » Nikamwambia asikungoje, kwamba hujatuma habari yoyote. Nilikuwa nimekwisha kusikia Desemba zako tatu kabla ya hiyo. Nilikukasirikia, na niliogopa atazeeka akiyazunguka mawe yako. Hata hivyo barua haikuwa yangu. Naona aibu, na nakuomba msamaha.

Wiki iliyopita nilimpa. Aliisoma amesimama, akaikunja, akaendelea kukata majani. Wakati wa kuagana aliniomba jambo moja tu: nikuandikie kwamba wageni wa Ignace wanafika Jumamosi tarehe 15. Nikamuuliza niongeze nini. Akasema tarehe inatosha.

Mama anakusalimu sana. Nami nakusalimu, kama bado unaipokea salamu yangu.

Ni mimi dada yako mkubwa,
Bénite