Bei ya Msiba, Bei ya Harusi

Jumatano, 3 Septemba

Viti vya kukodisha vimerudi. Vitatu vimevunjika miguu na kama kawaida hakuna aliyevunja. Nimekata kwenye amana ya waliokodi. Wamenuna, wameondoka.

Watarudi tu. Tangu mzee mmoja aliyekuwa akikodisha kama mimi ahamie Vwawa akaniuzia turubai na viti vyake vyote, kuanzia hapa Mpemba mpaka kule bondeni Momba hakuna mwingine. Anayetaka kivuli cha shughuli anakuja kwangu. Turubai ni lile lile, bei si moja. Harusi bei kamili, kadi zimeshagawiwa, watakimbilia wapi? Wazambia wanaovuka mpaka, juu zaidi. Wafugaji wa bondeni nao nawapandishia kidogo, ng'ombe wanao. Msiba nusu. Mimi si mchawi.

Turubai jipya jeupe silikodishi. Ni la tarehe 21. Esta wangu anamleta mtoto abatizwe kanisani kwetu. Mwaka wa pili huu tangu aolewe Chitete, na mjukuu sijampakata hata siku moja. Nilinuna siku ya mahari, nikanuna na siku ya harusi. Mkwe mfugaji, kwao mbali, kwao joto. Sasa basi. Namtaka binti yangu. Nimenunua kigodoro cha mtoto, cha bluu.

Alhamisi, 4 Septemba

Kaja mama mmoja wa sendofu ya kumuaga binti yake, kandambili zimekatika, analia shida. Mara simu ikaita kwenye pochi yake. Simu ya bei mbaya kuliko yangu. Bei kamili! Nimecheka peke yangu mpaka jioni.

Kesho nazima simu, kama kila mwisho wa wiki. Bei yangu haisemwi kwenye simu. Kwenye simu wote ni maskini, wote wamefiwa. Lazima nimwone mtu.

Ijumaa, 5 Septemba

Nina hasira.

Kijana katoka Chitete na pikipiki mpya, buti, kofia pana. Anataka turubai mbili na viti mia. Msiba, anasema. Turubai mbili nilikuwa nazo, zimekaa tu. Nikamtajia bei ya harusi.

Sidanganywi mara mbili. Mwezi uliopita wateja wa Hasamba walichukua turubai kwa bei ya msiba. Dereva wangu kwenda kufuata vitu, akamkuta bibi harusi anakata keki. Tangu siku hiyo anayesema msiba aje na barua ya mwenyekiti wa kijiji. Huyu hana. Na hanitazami usoni. Anazungusha kofia mikononi, macho kwenye miguu yangu. Nikajua, mwongo huyu.

Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, kwani habari hazijakufikia?"

Nikamwambia habari zinazonifikia mimi ni za watu wanaotaka nusu bei. Akasema asante mama, akavaa kofia, akaondoka.

Sura yake kama niliwahi kuiona. Wateja wengi, sura zinafanana.

Jumamosi, 6 Septemba

Harusi nne. Miguu imevimba. Zile turubai mbili zimelala stoo. Bora zilale.

Jumapili, 7 Septemba

Nimewasha simu baada ya ibada. Ujumbe ukaanza kumiminika.

Esta, Ijumaa alfajiri. Mama mkwe wake amefariki. Esta tena. Wakwe wanahangaika na turubai, amewaambia watulie, mama yangu anazo, ataleta. Esta tena. Shija yuko njiani anakuja kwako, shemeji yangu, utamkumbuka. Halafu amenipigia, na kunipigia. Halafu jana jioni, maneno mawili. Mama, tumezika.

Shija. Siku ya mahari alikaa uani kwangu, nikampa soda mwenyewe. Kwa mila yao, mama mkwe wa kaka yao hawamtazami usoni. Ndiyo heshima yao. Nilielezwa siku ile ile, na nilielewa.

Na marehemu ndiye aliyemkanda Esta alipojifungua. Mimi sikwenda. Nilikuwa na harusi.

Nimempigia. Hakulia. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema jua lilikuwa kali, wazee wawili walianguka, wakalazwa kwenye kivuli cha trekta la jirani. Akasema Shija alifikisha jibu langu mbele ya ukoo mzima, na yeye Esta alikuwa amesimama pale pale.

Nimemwaibisha mwanangu ukweni kwake. Moyo unauma, unauma kweli. Siwezi kuandika zaidi.

Jumatatu, 8 Septemba

Chitete. Tumepakia turubai jeupe, viti, gunia la mchele, mafuta. Barabara mbaya, vumbi mpaka kwenye meno.

Tumefika watu wanatawanyika. Baba mkwe wa Esta alinisalimia vizuri sana. Akapokea mchele. Dereva alipoanza kufungua kamba za turubai, akamzuia kwa mkono. Akasema shughuli imekwisha, mama, tusikuchakazie mali yako.

Wanawake walikuwa chini, kwenye mikeka. Nikavua viatu nikakae nao. Esta akaja. Amekonda. Amebeba kiti. Kiti cha mbao, sijui kaazima wapi. Akakifuta kwa kanga yake.

"Karibu, mama. Kaa."

Nikasema nitakaa chini na wenzangu. Akasema hapana mama, wewe ni mgeni.

Nikakaa. Uwanja mzima, mimi peke yangu kwenye kiti. Msibani. Kwa binti yangu. Maisha yangu yote nakodisha viti, sijawahi kukalia kiti kibaya kama kile.

Mtoto alinitazama, akaficha uso mgongoni kwa mama yake. Sikuomba kumpakata. Nilishindwa.

Shija alipita na maji. Shikamoo mama, macho chini.

Wakati wa kuondoka nimeuliza kuhusu tarehe 21. Esta kasema watambatiza huku huku.

Alhamisi, 11 Septemba

Sijafungua stoo leo. Nimelia.

Jumapili, 21 Septemba

Ibada imekwisha mapema. Wamebatizwa watoto wawili, wa watu wengine.

Kigodoro bado kiko kwenye nailoni yake. Turubai jeupe nimelikung'uta vumbi la Chitete, halijatoka lote.

Mchana kaja baba mmoja, anataka turubai. Swali likanitoka lenyewe: la nini? Akasema mke wake. Sikumwomba barua. Nikamtolea lile jeupe. Nusu. Akashukuru sana.

Simu siku hizi siizimi, hata Ijumaa. Naiweka karibu na sahani nikila. Leo imeita mara nyingi. Wote wanauliza bei.