Nusu ya Nyuma ya Kitabu

Buhare, Musoma

Masatu,

Sijui mtu aliyelala kaburini anasalimiwaje, kwa hiyo naanza na lililonikaa rohoni: wewe ni Mjita muongo. Neno hili nimelibeba tangu masika. Leo nimekaa kibarazani kwa shangazi, kuku wake wananizunguka miguuni, nikaona nisipolisema litanikaba. Ukishalisikia tulia, maana mbele kuna mengine.

Habari za shule kwanza. Dawati letu halijapata mtu. Madam Ghati alimleta Chacha akae kando yangu, baada ya siku chache Chacha akahama mwenyewe, akasema mimi sikaliki. Ni kweli. Bado nakaa mkono wa kushoto, na upande wako nauacha wazi. Yule sangara uliyemchora kwenye mbao, amevaa miwani kama ya mkuu wa shule, bado yupo. Hakuna aliyethubutu kumfuta. Mtihani wa taifa umekaribia, kila mtu wa mchepuo wetu wa HKL anatembea anaongea peke yake, na mimi ndiye wanayeniuliza maswali ya Kiingereza. Usicheke. Najua unacheka.

Kwa sababu unakumbuka nilivyokuja. Nilitoka Butiama na alama nzuri za kidato cha nne ambazo nilizipata kwa kukariri maswali na majibu. Kitabu kizima cha Kiingereza nilikuwa sijawahi kukimaliza hata kimoja. Madam alipotangaza kwamba nakala ni chache na tutasoma wawili wawili, niliona aibu yangu imewekwa mezani. Nilisoma kwa kidole, neno baada ya neno. Wewe ulikuwa unaumaliza ukurasa mimi niko aya ya tatu.

Hukuguna wala hukunisukuma. Uliweka dole gumba pale kwenye kona ya chini ya ukurasa, ukatazama dirishani kuelekea ziwani, ukangoja. Nikifika chini nasema, "Haya." Unafunua. Nadhani mwaka ule wote hilo ndilo neno nililolisema zaidi katika kipindi cha Kiingereza.

Halafu ikaja ile likizo uliyonichukua kwenu Murangi. Mama yako alipika furu. Mimi ni mtoto wa ng'ombe na mihogo, samaki wadogo wenye miiba mingi hivyo niliwajulia wapi? Nikawa napekua kila tonge kama mtu anayetafuta sindano, na chakula kikapoa. Mama yako alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Wewe ukasema mbele ya watu wote, "Wambura, unasomaga vilevile. Mwiba mmoja tu unasimamisha chakula. Uteme, uendelee kula."

Nilinuna. Lakini shule ilipofunguliwa nikajaribu. Neno nisilolijua nililitema, nikaendelea. Mwanzoni niliona kama naiba. Kisha nikagundua kwamba neno lile lile hurudi ukurasa wa mbele, likiwa limekaa na watu wengine, na likirudi mara ya pili au ya tatu unaanza kulifahamu bila kuambiwa. Kamusi ya shangazi ikabaki kabatini. Siku moja nikaona kidole changu kiko mfukoni na macho yanatembea yenyewe. Uliona. Dole gumba lako halikungoja sana siku ile.

Tulikuwa tumeanza kile kitabu cha Joel na Eliya, wale vijana wawili wanaojenga nyumba ya mama yake Joel. Unakumbuka nilivyogombana na yule mjomba aliyeuza mbao zao? Nilikipiga kitabu kwenye dawati katikati ya kipindi, darasa zima likageuka. Madam Ghati akauliza kuna nini. Kwa Kiingereza changu kile cha kuokoteza nikamwambia mjomba huyu ni mnafiki na mwandishi anamlea. Nilijua nitatolewa nje. Akasema, "Sasa umeanza kusoma." Jioni uliniita Mheshimiwa njia nzima hadi Makoko.

Ndipo mifupa yako ikaanza tena. Nilikuwa nimeshauzoea ugonjwa wako wa selimundu kiasi cha kuusahau. Niliyazoea maji yako ya chupa, na lile sweta ulilovaa hata jua likiwaka. Ulikuwa ukienda hospitali unarudi umekonda kidogo, tunaendelea. Safari ile dada yako Nyamisi alikuja mwenyewe kutoka Bunda kukuchukua ukakae kwake, karibu na wanaokutibu. Uliomba mambo mawili: begi lako, na wembe.

Kile kitabu hakikuwa nakala ya shule, kilikuwa chako, dada alikununulia. Lakini ulipokipasua mgongo pale juu ya dawati, mimi ndiye niliyefumba macho. Ukanipa nusu ya mbele nimalizie kurasa zilizobaki, ukachukua ya nyuma. Nilikwambia umekiua. Ukajibu, "Hadithi haikai kwenye gundi." Nusu yangu iliishia pale Joel anapougua, anabebwa kwa baiskeli kupelekwa barabarani kungoja basi, na Eliya amesimama na mabati mikononi hajui ayaweke wapi.

Wakati ule sikuona kitu hapo. Nilikuwa nasoma vizuri, lakini si vizuri kiasi hicho.

Likizo fupi nikaja Bunda. Ulikuwa umelala kwenye mkeka nyuma ya cherehani ya dada, miguu juu ya mto, macho ya njano. Nikadai nusu ya nyuma. Ukasema hujaimaliza, ila utanisimulia ulikofika. Ukasimulia mchana mzima. Kumbe ulikuwa umefika mwisho, maana ulinipa mwisho. Joel anapona. Anarudi kwa basi lile lile, amevaa shati jipya, anamkuta Eliya hajagusa kitu, na wanapanda juu pamoja kuezeka. Mvua inaanza wakiwa kwenye bati la mwisho. Mama yake Joel anawapigia vigelegele kutoka ndani, anacheza na mkono mmoja nje ya dirisha kuonja mvua. Huo mkono dirishani, Masatu! Nilirudi Musoma nimeshiba. Madam alipotoa swali kuhusu mwisho wa kitabu, niliandika karatasi nzima mbele na nyuma. Sikuwahi kuandika Kiingereza kizuri namna ile.

Karatasi ilikuwa bado mikononi mwa Madam, ukafa.

Sijui niandike nini hapa. Tulikuzika Murangi. Usiku tulilala nje na wanaume kando ya moto, na asubuhi mtu akanipa chai nikaishika mpaka ikapoa. Nilikuwa nangoja umalize kufa ili turudi shule. Ndivyo nilivyofikiri, kwa akili zangu timamu. Mpaka leo kuna asubuhi naamka hivyo.

Tulipokuwa tumerudi darasani ndipo karatasi zikagawiwa. Yangu ilikuwa na alama ya kuuliza kubwa nyekundu na maneno machache: nimesoma kitabu gani? Aliyekaa nyuma yangu akachungulia akacheka, kisha akakumbuka nilikuwa nakaa na nani, akanyamaza. Madam aliniita ofisini. Aliniuliza kwa upole kweli, kitabu gani hiki chenye Joel aliyepona.

Nikamwambia, "Nimesoma cha Masatu, Madam."

Hakuniambia mwisho wa kweli. Alisema nitafute ile nusu, niisome mwenyewe, kisha nimwandikie upya.

Nilikukasirikia. Nilitoka ofisini nakutukana kimoyomoyo, nilikutukana njia nzima hadi Buhare. Nilidhani umenidharau, umeniona bado ni yule wa kidole anayesimuliwa. Nilidhani hata hukusoma, ulikuwa unatunga tu nikitoa macho. Na mtu aliyekufa humwendei ukamkamata shati ukamuuliza. Hilo ndilo liliniumiza kuliko alama.

Baada ya arobaini nikaenda kwa dada Nyamisi. Nilijifanya nimekuja kusalimia. Alinipa uji, akaendelea kushona, na bila mimi kuuliza akavuta mtoto wa meza ya cherehani akatoa nusu ya nyuma, imefungwa na kitambaa cha kitenge. Akaniambia kwamba uliisoma yote kabla sijaja, na ulimsomea yeye kurasa za mwisho ukizigeuza Kijita, polepole, huku unapumzika. Alilia, akakuomba uache, ukakataa. Kisha ukamwambia, nayaandika kama alivyoyasema: "Wambura hawezi kusoma hii sasa hivi, dada. Nitamsimulia ingine. Siku akiisoma mwenyewe atanitukana sana. Huyu akimalizaga kitabu lazima agombane na mtu."

Basi nimekutukana. Ulijua.

Sikuisoma pale Bunda. Nilienda nayo nyumbani Butiama, nikaiweka chini ya godoro, nikalima na mama, nikaenda misa, nikapeleka ng'ombe majini. Mama aliona. Aliuliza kama nimefeli. Niliogopa, Masatu. Maadamu sijaisoma, Joel alikuwa juu ya paa. Jumapili moja wote wakiwa wametoka nikakaa nyuma ya ghala nikaifungua. Mwanzo ulienda haraka, sasa nasoma haraka, ungeshangaa. Lakini zilipobaki kurasa chache nilikirudisha kidole. Nilikiweka chini ya mstari kama zamani ili nichelewe kufika, na hata mwiba mmoja sikuutema.

Joel harudi. Anakuja mtu na baiskeli kuleta habari. Eliya anaezeka peke yake, siku nyingi, na bati la mwisho linapogongomewa mvua inanyesha, na mama yake Joel anakaa nje kwenye mvua hataki kuingia. Kitabu kinaishia hapo. Hakuna mkono dirishani. Mkono ni wako.

Nililia kwa sauti, mbuzi wakanitazama. Nilijua ulikuwa umelala kwenye ule mkeka ukijua yote haya, ya Joel na ya kwako, na ukakaa mchana mzima unaniezekea nyumba.

Nimemwandikia Madam upya. Nimeandika kilichomo, na kwa nini mwandishi hakumpa yule mama hata dirisha. Alinipa alama ambayo hajawahi kunipa, na chini yake hakuandika kitu. Ningeipeleka wapi alama ile? Niliikunja nikaiweka ndani ya ile nusu.

Sasa la mwisho, ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Wiki iliyopita nilienda Murangi kumwona mama yako. Nilimkuta anaanua dagaa, nikamsaidia. Amepungua. Anaongea kidogo kidogo, na katikati ya kazi akasimama akaniuliza: "Ile kitabu mwanangu alikuwa ananisimuliaga nikienda kumwona Bunda, ya vijana wanajenga. Aliniacha yule mmoja anaumwa. Alipona?"

Wewe hukuniambia kwamba ulimsimulia yeye pia. Nilisimama na karai la dagaa mikononi, sijui niliweke wapi. Miezi yote ile nilikuwa nimekudai ukweli. Ukweli ninao, nimeusoma kwa macho yangu, ungeweza kunitahini mstari kwa mstari. Na mama yako ananitazama.

Nikamwambia, "Alipona, mama. Alirudi na shati jipya. Waliezeka pamoja."

Akauliza kama mama yake Joel aliingia ndani. Nikasema aliingia, na mvua ilipoanza akatoa mkono dirishani akaionja. Alirudi kuanua dagaa wake, na baadaye kidogo nikamsikia anaimba, chini chini, ule wimbo wa kanisani aliokuwa anauimba akipika. Jioni ile alikula. Shemeji yako anayeishi naye aliniambia ilikuwa siku nyingi hajala vile.

Kwa hiyo nafuta lile neno nililoanza nalo. Silichani, nalipiga mstari mmoja tu, ili ujue nililiandika.

Nakuahidi hivi. Mtihanini nitajibu kilichoandikwa, maana msahihishaji hakujui, na nitajibu vizuri mpaka wajiulize ni mtoto wa nani. Lakini kila nikifika Murangi, mama yako akiuliza tena, na ataulizaga, nitamsimulia cha kwako, wala sitabadilisha rangi ya shati. Nusu zote mbili ninazo. Dada Nyamisi alitaka kuzishona, nikamwambia aache. Nimezizoea hivyo.

Lala, ndugu yangu. Maumivu ya mifupa yameisha, hilo peke yake ndilo ninalomshukuru Mungu bila kugombana naye. Mimi nasoma sasa bila kungojwa, ila nikifika chini ya ukurasa bado nasimama kidogo kabla sijafunua. Watu wanadhani nafikiri.

Nimefika chini, Masatu.

Haya.

Wambura