Tapeti Mpya na Mkwe Wangu Barazani

Jumapili, saa kumi jioni. Mvua imetishia Buhongwa toka asubuhi na haijafanya lolote. Tunafanana, mimi na hiyo mvua.

Wiki hii nimekuwa mfungwa. Sikufungwa na serikali, wala sikuiba ng'ombe wa mtu. Nimefungwa na mama mmoja wa miaka sabini na saba, mwenye magoti mabovu, anayeota jua kwenye baraza langu. Ni mama yake mke wangu.

Kwa asiyetujua Wasukuma, nieleze haraka. Mkwe wa namna hiyo humpi mkono. Huli naye, hukalii kiti chake, humtazami usoni, hupiti alipo mpaka awe amejisogeza. Neno likiwepo, mtu wa tatu analibeba. Mimi nimecheka karibu kila kitu katika maisha haya. Nimemcheka padri, nimemcheka mwenyekiti wa mtaa akiwa anahutubia, na darasa la nne nilifukuzwa kwa kumcheka mwalimu, sikurudi tena. Mkwe simcheki. Nina miaka sabini, kanizidi saba tu, lakini nikisikia anakohoa naweka miguu sawa.

Alikuja kutoka Ngudu miezi mitatu iliyopita kutibiwa magoti. Kila Jumanne anapelekwa mazoezi hospitali, na zimebaki wiki tano. Alikuja na mfuko mmoja na kengele ya ng'ombe, ile ya chuma, iliyokuwa ya dume la marehemu mumewe. Akitaka kitu anaitikisa, mke wangu anakimbia. Siku nyingine hata mimi najikuta nimesimama.

Nyumba yetu ina geti moja, na ukipita geti unatokea barazani. Kwa hiyo naishi kwa ratiba yake. Akilala, natoka. Akiota jua, nimekwama.

Nimemwomba Mungu amponye haraka. Sikumwambia Mungu sababu.

Kilichoniokoa miezi yote hii ni pikipiki. Sizungumzii hizi za bodaboda. Hili ni pande la chuma, silinda mbili, masanduku mawili nyuma, kiti ambacho ungeweza kumkalisha askofu. Mzungu mmoja alikuwa anazunguka nalo Afrika, akaugulia hapa Mwanza, akapanda ndege akaniachia mimi niliyekuwa namtengenezea. Tatizo ni tapeti. Tapeti ni vikombe vidogo vya chuma, vinajaa mafuta na kusukuma fito zinazofungua valvu. Zikichoka, mafuta hayakai ndani, chuma kinagonga chuma. Tak tak tak tak. Vijana wa kijiweni wakinisikia wanapokezana: "Leteni mahindi jamani, mashine ya kusaga ya Babu imefika."

Ila nikirudi na hiyo mashine yangu ya kusaga, kila mara nilikuta baraza tupu. Kiti kipo, mtu hayupo. Napita kifua mbele mpaka stoo.

Nilidhani ni bahati yangu.

Mwanangu Kulwa, aliye Dar, akaniagizia tapeti mpya pamoja na kemshafti mpya. Kemshafti ni ule mhimili wenye vinundu kama mayai, na kinundu kikizunguka ndicho kinachoinua tapeti. Vinundu vya hii mpya vimenenepa kidogo, valvu inafunguka zaidi, injini inavuta toka chini kama ng'ombe wa plau. Kulwa akasema kwenye simu, "Mzee, mpe fundi kijana afanye." Nikamwambia sawa.

Nilidanganya.

Nilitaka kuifunga kwa mikono yangu, halafu nivuke lile daraja jipya la ziwani, kule mbele ya Usagara, bila kusikia mahindi yanasagwa chini ya matako yangu.

Jumatatu niliisukuma pikipiki mpaka stoo, nikamwaga mafuta, nikafungua kifuniko cha ubavuni. Fito za zamani nilizikata kwa mkasi wa nondo ili nisifungue injini nzima, maana mpya zina nati ya kurefusha na kufupisha. Tapeti ya zamani nikaibonyeza kwa kidole. Ikazama kama kochi la baa. Nikajisikia vibaya kidogo, kwa sababu najua hali hiyo. Nikazitupia zote nne kwenye kopo la maziwa.

Tapeti mpya lazima zinywe mafuta kwanza. Nilizilaza kwenye bakuli la uji la mke wangu. Hilo yeye hajalijua. Akisoma hapa atajua.

Jumatano ndiyo siku yenyewe. Kemshafti iliingia vizuri, alama zake mbili zikatazamana kama inavyotakiwa. Nikaweka tapeti, nikaweka fito, nikazirefusha mpaka zikabana. Hapo ndipo kwenye mtego. Ukishabana, tapeti imejaa mafuta na inaisukuma valvu ikae wazi. Unatakiwa usubiri mafuta yajichuje taratibu, mpaka fito izunguke yenyewe kati ya vidole viwili. Ukizungusha injini kabla, pistoni inaipiga valvu na kazi imekwisha, rudi mwanzo ukiwa na vyuma vilivyopinda. Kitabu kilichokuja na vyuma kimechora picha ya saa. Kiingereza sikijui, lakini saa naijua.

Mimi sina subira. Hata Kulwa na pacha wake Doto walikuja mapema kwa sababu waliniona nahangaika. Niliipa dakika tano, nikashika spana, tayari kuzungusha injini.

Ndipo nikasikia kiti kinaburutwa nje.

Lazima niseme nilikuwa nimevaa nini. Oveoli yangu ilikuwa imefuliwa, iko kwenye kamba. Nilikuwa na chupi na fulana yenye tundu kubwa mgongoni. Na mkwe wangu alikuwa amelifuata jua mpaka chini ya ile kamba ya nguo, akakaa, oveoli inamning'inia juu ya kichwa kama mtu aliyenyongwa. Hatua sita kutoka mlango wa stoo. Mke wangu alikuwa ameenda Buzuruga kwa dada yake.

Nikaiweka spana chini polepole, kama mwizi.

Saa nne asubuhi mpaka saa kumi. Sikukohoa. Sikukojoa, na katika umri wangu hilo ni jambo la kuandikwa. Nilikaa juu ya ndoo, nikiwa sina la kufanya ila kugusa zile fito. Mwanzo zilikuwa ngumu. Baadaye zikasita. Baadaye zikazunguka zenyewe, laini, kati ya kidole gumba na cha shahada. Silinda ya kwanza, halafu ya pili. Katika maisha yangu yote ya ufundi ni mara ya kwanza nimefuata maelekezo, na ni kwa sababu nilikuwa nimefungwa ndani na chupi.

Halafu nikasikia sauti yake. Hakuwa anazungumza na mimi. Alikuwa anazungumza na kuku.

"We kuku. Mwambie mwenye mji nguo yake imekauka toka saa sita. Na mimi sasa nageukia ukutani."

Alijua. Muda wote huo mama yule alijua.

Nilichomoka, nikainyakua ile oveoli na vibanio vyake, nikarudi stoo. Nikasikia anakificha kicheko ndani ya kikohozi. Nilichukia kidogo. Kuku naye alikuwa ananitazama.

Ijumaa nikaiwasha. Ilipiga tak tak sekunde chache, nikaanza kutukana, halafu tapeti zikashiba mafuta ikanyamaza. Ilibaki kuunguruma chini chini, kama paka aliyekula dagaa. Nikapita kijiweni kwa makusudi. Kijana mmoja akaniuliza, "Babu, mbona unateremka na gia huru, umeishiwa mafuta?" Nikabadili gia, ikamwachia vumbi.

Usagara mbuzi aligoma kunipisha. Alisimama katikati, hajasikia kitu, mpaka tairi likakaribia ndevu zake. Ningekuwa na akili ningejifunza hapo hapo. Nilimtukana mbuzi nikaenda zangu.

Daraja nimelivuka. Kwenda na kurudi, mara mbili. Maji kulia, maji kushoto, upepo umeingia kwenye mikono ya shati, ile kemshafti inavuta bila kulalamika. Miezi mitatu nilikuwa sijavuta pumzi ya namna ile. Nilipiga kelele katikati ya ziwa, na kwa mara ya kwanza kelele ilikuwa yangu, si ya injini.

Nikarudi nyumbani nimejaa. Geti lilikuwa wazi. Nikaingia moja kwa moja, kimya, mpaka mbele ya baraza.

Alikuwa pale. Ameweka miguu kwenye beseni la maji ya moto, kanga ameipandisha juu ya magoti, kitambaa cha kichwa kiko pajani. Akainua uso.

Nimemwoa binti yake miaka thelathini na minane. Uso wa mkwe wangu sikuwahi kuuona vizuri hata siku moja. Ni uso wa mke wangu. Umetangulia tu.

Kisha beseni likapinduka, na yeye na magoti yake mabovu akajikokota ndani akishika ukuta. Nisingeweza kumsaidia. Hata kumshika mkono ni kosa juu ya kosa. Nilibaki juu ya pikipiki yangu tulivu, ikiunguruma kama paka mjinga.

Hapo ndipo nilipoelewa lile baraza tupu la kila siku. Ilikuwa ile tak tak. Ilimfikia nikiwa bado kona ya kwa muuza mbao, akapata muda wa kukusanya kanga yake, fimbo yake na heshima yake, akaingia ndani kwa mwendo wake. Nami nilikuwa nimekaa wiki nzima stoo naing'oa sauti hiyo kwa mikono yangu, tena kwa furaha.

Jana Jumamosi kengele haikulia. Mke wangu alikuja stoo akasimama mlangoni.

"Mama anafunga mfuko. Anasema kesho kutwa asubuhi anarudi Ngudu."

"Na mazoezi ya Jumanne?"

"Anasema hawezi kukaa kwenye mji ambao mkwewe anamtokea kama chui." Akaitazama pikipiki. "Miezi mitatu unaomba aondoke, Baba Kulwa. Unadhani sijui? Haya, umepata. Akikaa kule bila mazoezi, hatatembea tena. Mimi nitakuwa naenda kumbeba."

Akaondoka. Hakupiga mlango. Angeupiga ningepata cha kumjibu.

Nimeomba mwenyewe, nimepewa, na sikitaki. Akiondoka nitapita getini saa yoyote niipendayo, na kila nikipita nitakuwa namwona mke wangu hanitazami.

Leo baada ya misa nililitoa kopo la maziwa. Nikazimwaga zile tapeti nne mbovu kwenye gunia, nikazifuta moja moja. Fundi gani anatoa kizima anaweka kibovu? Mimi. Nikavaa oveoli (nimejifunza), nikashika spana, nikalegeza bolti ya kwanza ya kifuniko. Nikalegeza ya pili.

Kiti kikaburutwa nje.

"We kuku," mkwe wangu akasema. Nikatulia. "Huko stoo nasikia spana. Kwani nini kimeharibika tena? Mwambie mwenye mji, mume wangu alikuwa na dume jeusi, tulivu hivyo hivyo, linaingia shambani mwa watu halisikiki. Hakulivunja mguu ili lisikike."

Nikasikia chuma kinagusa sementi, pale kizingitini.

"Mwambie aifunge vizuri, isidondoke njiani. Mimi wa kuniitia binti yangu mdomo ninao."

Kiti kikaburutwa kurudi. Nilipotoa mkono nikaikuta kengele, bado ina joto la kiganja chake. Mfuko wake, mke wangu anasema, umerudi chini ya kitanda. Jumanne anaenda mazoezi.

Nimekaza bolti zangu mbili. Kengele nimeifunga kwa waya chini ya usukani, mahali dume linapovalia. Halafu nikaisukuma pikipiki mpaka kwa muuza mbao nijaribu. Vijana wa kijiweni walikuwepo wote. Sitaandika walichosema. Mmoja alilia kama ndama.

Nikaja taratibu. Injini haisikiki kabisa, tapeti zinafanya kazi yake, kemshafti inavuta kama hariri, na juu ya yote hayo kolong kolong, kolong kolong, mzee wa miaka sabini anarudishwa zizini.

Nilisimama nje ya geti. Nikasikia kiti, fimbo, hatua zake tatu nne nzito, mlango wa chumba. Nyuma ya mlango mtu alikuwa anacheka, na safari hii hakujisumbua kukohoa.

Nilimpa dakika mbili zaidi, kwa sababu ya magoti. Kisha nikaingia.

Wiki tano bado. Kesho nitakwenda tena darajani, na kengele yangu shingoni. Ninachojiuliza ni kimoja tu: akishapona akarudi Ngudu, nitakuwa na moyo wa kuifungua?