Nani Atapanda Ngazi

Dochi, Lushoto,
Tanga.
21 Septemba 2025.

Mpendwa mdogo wangu Masudi,

Assalaam alaykum warahmatullah. Marahaba! Najua hujaniamkia, lakini nimeamua kuitikia kabisa, maana nikikungoja wewe mtu wa ofisi tutafika Idi ijayo. Hujambo? Wifi yangu Ilham hajambo? Na wale wanangu, bado wanagombania kukaa dirishani kila mkipanda gari? Nasikia Dodoma jua limekaza na vumbi limezidi. Poleni sana. Mimi ni mzima, isipokuwa mafua ya huku kwetu unayoyajua. Ukungu unashuka mpaka mlangoni na nguo hazikauki. Mama naye hajambo. Anakula, anasali, anagomba. Ukisikia mama anagomba ujue afya ipo.

Umeniuliza kwenye simu mara nyingi kama mama amekubali uje kumchukua Desemba, ahamie kwako moja kwa moja na shamba likodishwe. Kila mara nimekujibu, "Nitakuandikia." Sikuwa nakukwepa. Jambo lenyewe halienei kwenye simu, hasa simu yangu hii inayokatakata maneno. Basi mwambie Ilham akuletee chai, ukae, usome taratibu.

Nianze na shairi lako, kwa sababu mambo yote yameanzia hapo.

Nililisoma mbele ya watu kama ulivyoniagiza, siku ya Maulidi pale nyumbani kwa mama, Malindi yetu ya huku milimani, baada ya pilau, watu wameegemea ukuta na hakuna mwenye haraka. Alikuwepo mjomba Rajabu, walikuwepo majirani, na mama mdogo Mwanaheri alikuwa amepanda kutoka Magoma na wenzake, na ile salamu yake ya "onga mshi" ya kusikika mpaka bondeni. Mama alikaa karibu na mlango wa jikoni, kitenge ulichomletea amekifunga juu ya sweta. Kusomea wanafunzi nimezoea, lakini kusoma shairi la mtu huku mwenyewe anakukodolea macho ni mtihani mwingine.

Ulipomwita kinga, mama aliitikia kwa kichwa. "Mgongo wake ni kinga, mafuriko kazuia." Masudi, mstari ule ni mzuri. Wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni mama alipochimba yale makinga maji kwenye mteremko wetu na kuotesha majani ya gwatemala juu yake. Mpaka leo udongo wetu uko kwetu, wakati wa wengine umeshateremka mtoni zamani. Kwa hiyo umemwita mama kwa kazi aliyoifanya kwa mikono yake mwenyewe. Darasani ningesema sitiari imekaa mahali pake. Nakusifu, na uweke tarehe, maana kukusifu si jambo ninalolifanya kila siku.

Lakini ule mshumaa! "Mama yetu mshumaa, kujichoma karidhia." Hapo alikunja uso. Baadaye tunaosha vyombo akaniuliza, "Mshumaa si kitu cha umeme kukatika? Umeme ukirudi unapulizwa, na hakuna anayeutazama tena. Mwanangu ananiona hivyo?" Nikamweleza kwamba washairi wengi humfananisha mama na mshumaa, kwamba ni heshima. Akasema, "Basi wamenakiliana." Nilicheka mpaka sahani ikaniponyoka. Ila nilipolala nikalifikiria lile neno lake. Mshumaa kazi yake ni kuisha tu. Mama amefanya mengi zaidi ya kuisha.

Na ule mti ndio umetuletea balaa. "Mti mkavu wa Shume, majani kayaachia." Unajua mjomba Rajabu alivyofanya kazi msituni Shume mpaka akastaafu. Alikohoa, akasema mbele ya watu wote, "Mti mkavu kule hupakwa rangi. Ukishapakwa rangi, unaongojwa ni msumeno." Basi tangu siku ile anamtazama dada yake kama mti uliokwisha kupakwa rangi. Alichukua jembe la mama nyuma ya mlango akaenda nalo kwake. Mama mdogo naye akakataa katakata mama asikoroge hata uji wake mwenyewe. Kila aliyeingia alimsalimia kwa sauti ya chini, kama ya hospitalini. Mama akanyamaza. Kimya cha mama unakijua, heri agombe.

Sasa tufike kwenye ubeti wa mwisho, ambao najua ndio unaoupenda, maana ndio ulionisomea kwenye simu:

Mama kiazi cha dari, mikunjo kimeingia,
Kimya, hakina habari, gizani kimesinzia,
Wana wameshasafiri, mbali wamekimbilia,
Nani atapanda ngazi, mama kumuangalia?

Nilipofika hapo, nyumba iligawanyika. Mama mdogo Mwanaheri aliangua kilio, na wenzake wa Magoma wakamfuata, kanga puani. "Jamani dada yangu! Wamemsahau darini kama kiazi!" Upande wa pili, watu wetu wa Malindi walikuwa wanacheka, na si kicheko cha dharau, bali kile cha arusini. Mama Paskali, jirani, alipiga kigelegele. Na mama mwenyewe, mhusika, alicheka mpaka akajifunika uso kwa kitenge. Hawa wanalia, hawa wanacheka, na mimi nimesimama katikati, simu mkononi, sijui nimfuate nani.

Wa Magoma hawakukosea. Kule chini kwenye joto hawalimi viazi hivi mviringo, na kiazi kilichokunjamana kwao ni cha kutupa. Wewe ndiye nisiyekuelewa. Uliondoka mdogo kwenda bweni Tanga, nadhani ndiyo sababu. Hivi umesahau kiazi cha darini ni kipi? Mama akivuna, vikubwa vinakwenda sokoni, vyenye majeraha tunakula, na vile vizuri kuliko vyote, vya kadiri ya yai, anavichagua kimoja kimoja na kuviweka darini. Hivyo haviuzwi wala haviliwi. Vinakaa huko mpaka machipukizi yanatoka, na mikunjo inaingia kwa sababu machipukizi yanakula nguvu ya kiazi chenyewe. Kiazi ambacho ngozi bado imenyooka ukikifukia leo kinakaa tu ardhini. Kinachopandwa ni chenye mikunjo. Kwa hiyo ulipomwita mama kiazi cha dari ukitaka tumhurumie, watu wa Malindi walisikia umemwita mbegu. Umekosea ukapatia, mdogo wangu. Kwa kosa hilo ningekupa maksi zote.

Kuna jambo sijawahi kukuambia, na shairi lako limenifanya nione wakati wake umefika. Unaukumbuka mwaka ule baada ya baba kufariki, mvua zilipogoma? Wewe ulipanda ngazi kimyakimya ukashuka na viazi vya mbegu mfukoni, mama akakunyang'anya, ukamnunia siku nyingi. Ulikuwa unasema mama anapenda viazi kuliko sisi. Ambacho hukukiona, kwa kuwa ulikuwa mtoto na mtoto hutazama sahani yake, ni kwamba sahani zilikuwa za kwako na za kwangu tu. Yeye alitupakulia makande, akajimiminia chai ya rangi isiyo na sukari, akasema tumbo limemjaa gesi. Gesi gani ile ya msimu mzima! Nguo zilimpwaya, na bado hakugusa mbegu. Mvua iliporudi tukapanda, na viazi vya mavuno yale ndivyo vilivyokupeleka bweni.

Mimi huwafundisha watoto wa watu kila mwaka kwamba taswira ni picha inayomfanya msomaji aone. Lakini picha yangu mwenyewe ya mama aliyejinyima ni kikombe kile cha chai ya rangi, na sijawahi kukiona kwenye shairi la mtu. Ukitaka kumwandika tena, kichukue. Nimekupa bure.

Sasa usije ukafikiri namficha. Mama amezeeka, Masudi. Goti la kulia linavimba kukiwa na baridi. Akitaka kuinuka kwenye mkeka anashika kwanza fremu ya mlango, anavuta pumzi, na anajifanya kuna kitu anakitazama nje ili tusijue kwamba anakusanya nguvu. Na linaloniuma zaidi ni hili: hawezi tena kupanda ngazi ya darini. Mbegu za mwaka huu nimezipandisha mimi. Kila Jumamosi naenda kuzigeuza, yeye anasimama chini ameishika ngazi kwa mikono miwili na kuniamrisha: vigeuze vile vya pembeni, toa kilichooza, usivirushe si mawe hayo! Nikitazama chini nauona uso wake umeinuliwa, kilemba kimelegea, na naona jinsi alivyo mdogo kwa umbo kuliko nilivyokuwa nikidhani. Mara ya kwanza nilikaa huko juu kitambo, nikijifanya natafuta kilichooza, kwa sababu nilikuwa nalia.

Kwa hiyo hofu yako naielewa. Hata mimi nimewahi kumwomba ahamie kwangu hapa Dochi, akanijibu kwamba huku mjini kuku wake hawatamjua mtu.

Jumamosi iliyopita nikamwuliza waziwazi kama Desemba atakwenda na wewe. Alikuwa anachambua maharage, amevaa miwani uliyomnunulia. Hakukasirika. Alisema, "Chumba alichonijengea nimekiona kwenye picha, kizuri, Mungu ambariki. Nitakwenda kukilalia, niwaone wajukuu, nirudi. Ila shamba likikodishwa, mimi nikakaa Dodoma kwenye kivuli cha ukuta nikiletewa chai, hapo ndipo nitakuwa kile kiazi anacholilia Mwanaheri."

Akaendelea kuchambua, kisha akasema, "Yule mtoto ameuliza swali zuri, halafu hakungoja jibu. Si ameuliza nani atapanda ngazi? Mwambie sitafuti mtu wa kunishusha mimi. Natafuta mtu wa kunishushia mbegu."

Ndilo jibu lake, nimekuletea kama lilivyo. Nakuomba usiudhike. Mimi nimelipima na naona ana haki, na naona na wewe una haki ya kuhofia, ndiyo maana nimezungumza naye hivi: ule mteremko wa juu alime Mama Paskali, wagawane mavuno, na mama abaki na matuta ya karibu na nyumba ambako hata goti likimsumbua akiita anasikika. Amekubali, baada ya kugomba. Jembe nimekwenda kulichukua mwenyewe kwa mjomba. Amenuna, lakini makande ya mama yatamrudisha.

Na wewe usingoje Desemba. Omba ruhusa uje vuli zikianza, mwishoni mwa Oktoba, wakati wa kupanda. Njoo na watoto waione dari ile na wajue kiazi cha darini ni kipi, wasije nao wakaandika kama baba yao. Mama akitaka kurudi nanyi kupumzika kidogo baada ya kupanda, mimi mwenyewe nitamfungia mzigo.

Kuhusu shairi, dada yako mwalimu anashauri hivi: mshumaa uuzime, mti uuache huko Shume. Kinga ibaki, kiazi kibaki. Kibwagizo usikiguse hata herufi.

Nisalimie wifi Ilham, mwambie yale matunda ya pea aliyoyatamani yataiva ukifika msimu wake. Wabusu wanangu, uwaambie shangazi anawadai barua yenye michoro. Mjomba Rajabu anakusalimu pamoja na kununa kwake. Mama mdogo Mwanaheri anakusalimu, na anasema hata baada ya kuelezwa bado anaona ubeti ule unaliza. Mama Paskali naye anakusalimu sana, anauliza yeye utamwandikia lini.

Mwenyezi Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe riziki ya halali, na akupe miguu ya kukurudisha nyumbani mama angali anatugombeza.

Ni mimi nikupendaye tangu nilipokuwa nikikubeba mgongoni,
Dada yako,
Yusra.

Nimesahau moja, na bahasha bado sijaifunga. Jana nilimkuta fundi nyumbani kwa mama anaitengeneza ngazi ya dari: vidato vyote vipya, vinene, vya mbao ya Shume. Nikamwuliza mama, ya nini gharama yote hiyo, na mimi naipanda vilevile ilivyo? Akanijibu bila kunitazama, "Wewe ni mwepesi. Masudi wangu siku hizi amekuwa mzito."